Barua ya wazi kwa wakubwa wa futiboli ya chuo: waachieni wagosi wa Nebraska nafasi yao

Wakubwa zangu shikamooni. Nawaandikia nyie mlioko ofisi za NCAA kule Indianapolis, wasimamizi wa michezo ya vyuo Marekani, nyie wa ligi ya Big Ten kule Rosemont, na nyie wakurugenzi wa michezo wa vyuo 18 mnaokaa meza moja kutupangia Jumamosi zetu. Jina langu halitawasaidia kitu. Mi mtu wa Tanga, nimezaliwa Ngamiani, sa hivi naishi Lincoln, Nebraska, mwaka wa 17 huu, na kazi yangu ni kuendesha basi la shule, yale ya njano. Asubuhi napeleka watoto darasani, Ijumaa jioni napeleka timu ya futiboli (ile ya Kimarekani, ya kubeba mpira mikononi) ugenini, nakaa pale pembeni na koti langu mpaka mechi iishe ndo nawarudisha, wengine wamelala, wengine wanalia, wengine wananukia dawa ya kuchua basi zima.

Nimekuja kwa ajili ya ile namba yenu ya watu 105 kwa kikosi. Najua mtasema dereva wa basi kaingiaje huku. Subirini.

Kwanza niwaambie natokea wapi kimpira, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini hii kitu inanikera. Kwetu Tanga kuna timu inaitwa Coastal Union na watu wanaiita Wagosi wa Kaya. Mgosi kwa wenyeji wa kule ni mwanaume, na kaya ni nyumbani, kwaiyo ni kama kusema wanaume wa hapahapa kwetu. Mwaka 1988 Coastal walichukua ubingwa wa Tanzania bara, mi nilikuwa mdogo, nakumbuka watu wanavyotembea mjini kama kila mmoja kafunga goli mwenyewe. Sio kwamba Simba na Yanga hatukuwa nazo mioyoni, kila Mtanzania ana upande wake bana, lakini pale uwanjani Mkwakwani ulikuwa unamuangalia mtu unayemjua mama yake. Halafu akiiva Dar wanakuja kumchukua, kama Bakari Mwamnyeto alivoenda Yanga 2020, na hatumchukii, tunamwombea dua, ila ukikaa jukwaani wiki inayofuata unaona kabisa kuna mtu hayupo.

Sasa mi nimefika Nebraska nikakuta kitu kilekile, ila kikubwa mara mia. Timu inaitwa Cornhuskers, yaani wamenya mahindi, na nilipowaambia ndugu zangu Tanga wakacheka wiki nzima. Jimbo zima lina watu milioni 2 hivi, sensa ya 2020 ilisema 1,961,504, hakuna timu ya NFL (ligi ya futiboli ya kulipwa), hakuna NBA, hakuna besiboli ya ligi kuu, na futiboli ya chuo ya daraja la juu ni hii moja tu, maana hata chuo cha Omaha timu yao waliifuta 2011. Kwaiyo mtu wa Scottsbluff kule magharibi karibu na Wyoming na mtu wa Omaha pembeni ya mto Missouri hawana wanachoshea zaidi ya hii timu na bei ya mahindi. Uwanja wao, Memorial Stadium hapa Lincoln, umejaa kila mechi tangu tarehe 3 Novemba 1962. Kila mechi, zaidi ya 400 mfululizo. Na msidhani ni kwa sababu wanashinda, kuanzia 2017 mpaka 2023 hawakupata hata mechi moja ya baada ya msimu, na ubingwa wa mwisho wa ligi yao ni wa 1999, na uwanja ukaendelea kujaa tu. Siku ya mechi watu zaidi ya elfu 85 wamevaa nyekundu, mpaka bibi wa miaka 90 ana hereni za N.

Mi nilijiuliza sana mwanzoni, hawa watu wanapenda nini hasa. Jibu nililipata kwenye basi.

Ukiendesha basi la timu hapa Nebraska unafika sehemu ambazo hata ramani ya simu inasita. Mji wa watu 400, kanisa mbili, tangi la maji, sheli moja, na uwanja wa futiboli ambao nyuma ya goli linaanza shamba la mahindi. Shule zenyewe ndogo mpaka wanacheza watu wanane kwa wanane badala ya kumi na moja, na nyingine ndogo zaidi wanacheza sita sita. Mi pale pembeni huwa napiga stori na wazee, na kila mji, narudia kila mji, kuna mzee atakunyooshea kidole ubao wa shule akuambie huyu alienda Lincoln akavaa jezi. Na ukiuliza alikuwa staa? Hapana, alikuwa wokoni.

Wokoni kwa ambao hamjawahi kukaa na hawa watu (na nyie wakubwa najua mnajua, ila naona mmesahau) ni dogo ambaye hana skolashipu. Anakuja kwa hela ya baba yake, analima na mzee wake likizo, anapigwa matako chini mazoezini miaka miwili mitatu na mabonge waliosajiliwa kutoka Texas, na siku moja kocha anamuita ofisini anamwambia kuanzia leo chuo kitakulipia. Tom Osborne, mtoto wa Hastings hapahapa Nebraska, aliyefundisha kuanzia 1973 mpaka 1997 akashinda mechi 255 na ubingwa wa taifa mara tatu, 1994, 1995 na 1997, yule mzee aliijenga timu yake hivo. Na sababu ni nyie wenyewe. Mwaka 1973 mlisema skolashipu zisizidi 105, baadae mkashusha 95, halafu mwanzoni mwa miaka ya 90 mkashusha mpaka 85. Kila mlipokata, vyuo vingine vikalalamika, Nebraska wakaenda vijijini wakasema leteni watoto wenu, hatuna hela ya kuwalipia ila jezi ipo. Wakaja. Joel Makovicka alitoka Brainard, kamji hata ukikohoa umeshakapita, akaingia bila skolashipu, akacheza fulubeki (mtu wa kufungua njia) kwenye ile timu ya 1997, akaenda NFL. Spencer Long wa Elkhorn, hivohivo, bila skolashipu, akaishia kuchaguliwa NFL 2014. Andy Janovich wa Gretna, 2016. Na nyuma ya hao kuna mamia ambao hawakwenda popote, walirudi makwao wakawa walimu na mafundi na wauza bima, na ndo hao wenye tiketi za msimu mpaka leo, na watoto wao ndo nawabeba mimi.

Nisiwe muongo hapa. Ile timu ya miaka ya 90 haikuwa ya wakulima watupu. Kwotabeki wao, yaani mwongoza mashambulizi, Tommie Frazier alitoka Bradenton, Florida, na bila yeye hakuna cha 1994 wala 1995. Mastaa wa nje ni nyama ya pilau, na hakuna mtu anakubali pilau lisilo na nyama. Ila mchele ulikuwa wagosi.

Sasa tarehe 6 Juni 2025 jaji Claudia Wilken akapitisha yale makubaliano ya kesi ya House, ile ya wachezaji kuwashitaki nyie juu ya malipo, na hapo ndo ugomvi wangu na nyie unapoanzia, ila sio ugomvi mnaoudhania. Vijana kulipwa mi naunga mkono mia kwa mia. Ile fidia ya dola bilioni 2.8 kwa wachezaji wa nyuma, sawa. Vyuo kuruhusiwa kugawia wachezaji mpaka karibu dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, sawa kabisa, mlikula jasho la watoto wa watu miaka mia moja mkaita ni mapenzi ya mchezo. Hata hilo dirisha la uhamisho ambalo wazee wa hapa wanalilaani kila siku kwenye kahawa, mi naona mtu mzima ana haki ya kuhama kazi, kocha anahama usiku wa manane na hakuna anayemuita msaliti.

Ila mkachomeka kitu kimoja. Mkasema skolashipu sasa hazina kikomo cha 85, mpeni yeyote mnayetaka, lakini kikosi kizima kisizidi watu 105. Yaani zamani mlikuwa mnahesabu sahani, sasa mnahesabu wanaoingia mlangoni. Nebraska walikuwa na kikosi kinachozidi hiyo namba kwa mbali sana, na wale waliozidi ni akina nani? Sio wale wa kulipwa. Ni wagosi. Ni dogo wa Brainard. Jaji mwenyewe Aprili 2025 aliwakatalia kwanza kwa sababu ya hilohilo, akawaambia mnawakata watoto ambao walishapewa nafasi, ndo mkarudi na kiraka kwamba wale waliokuwepo au walioahidiwa wasihesabiwe. Vizuri, ila kiraka kinaisha na wao. Huyu aliyeko darasa la tisa leo ambaye nitambeba Ijumaa hana kiraka.

Na nina mmoja namjua, simtaji, alikuwa anakaa siti ya pili kulia kila safari. Bonge la mtu, mpole, akishuka basi lazima aseme asante Mister. Alikuwa kaahidiwa nafasi ya wokoni na chuo kimoja kikubwa, nacho sikitaji, baba yake akauza ng'ombe wawili akaweka hela ya mwaka wa kwanza, halafu ikaja simu ya dakika tatu: samahani, namba imebadilika, hatuna pa kukuweka. Dakika tatu wakubwa. Dogo hakulia mbele yangu, ila kuanzia siku ile alihamia siti ya nyuma kabisa. Akaja kupata chuo kidogo cha jimbo la jirani, anacheza huko, namshukuru Mungu. Lakini baba yake ana jaketi jekundu la tangu ujana wake, na majuzi nimemuona sheli kavaa la kijani la kampuni ya mbegu, sikumuuliza.

Halafu kuna hili ambalo naona hata wazungu wa hapa hawajaliona vizuri. Hii Nebraska ya leo sio ile ya 1973. Nendeni Lexington, Schuyler, Crete, Grand Island, miji iliyokuzwa na machinjio, muangalie watoto shuleni. Wasomali, Waguatemala, Wasudani, na ndugu zangu Wakongo. Kwenye basi langu nina siku naongea Kiswahili kuliko Kiingereza. Kuna mama mmoja Mkongo anafanya kazi zamu ya usiku, kila mechi ya nyumbani anakuja na kitenge juu ya koti la baridi, kanuni za mchezo hajui hata moja, ananishika bega ananiuliza: "Papa, mutoto yangu njo ule mwenye anaangushaka batu?" Namwambia ndio mama, ndo huyo, na ndo kazi yake. Anacheka mpaka anakaa chini.

Huyo mama hajui Oklahoma, adui wetu wa zamani, ni nini na hajui 1971 kulitokea nini. Lakini chuo cha Nebraska tangu 2020 kina mpango wa kufuta ada kwa mtoto wa jimbo ambaye kwao kipato ni kidogo, walianza na familia zisizozidi dola 60,000 kwa mwaka. Yani mtoto wa machinjio anaweza kusoma bila kulipa ada, akaenda kuomba nafasi ya wokoni, na jimbo zima likajifunza kutamka jina lake vizuri siku akikaba mtu. Mnajua hiyo ingefanya nini kwa watu ambao kila uchaguzi wanaambiwa warudi kwao? Jezi moja tu. Na haiwagharimu senti. Mlango uko pale, na nyie mmeweka mlinzi wa kuhesabu.

Kuna watakaosema mapenzi ya jimbo ni ushamba, mtoto aende anapopata maslahi. Nakubali nusu. Gale Sayers alikulia Omaha, akasoma Omaha Central, akaenda kucheza Kansas, dunia nzima ikamjua, na Nebraska wakabaki kuangalia. Noah Fant wa Omaha South akaenda Iowa, jirani hapo tu, akachaguliwa raundi ya kwanza ya NFL 2019. Xavier Watts wa Omaha Burke akaenda Notre Dame, 2023 akachukua tuzo ya Nagurski ya mlinzi bora wa nchi nzima. Wote hao watoto wa nyumbani, na sio wasaliti hata mmoja, maskauti wa hapa walilala au walikuja wamechelewa, au dogo alitaka tu kuona kwingine, ana haki. Mi sitaki mtoto afungwe kamba na jimbo lake. Nachosema ni kwamba anayetaka kubaki awe na pa kubaki. Kama Carter Nelson wa Ainsworth, mji wa watu kama 1,600, dogo kacheza futiboli ya watu wanane, vyuo vyenye majina vikamfuata mpaka kule mchangani, akasema naenda Lincoln, akasaini na kundi la 2024. Huyo alikuwa na kipaji cha kuchaguliwa kokote. Nauliza habari ya yule wa pili yake, aliyekuwa anamzuilia njia.

Na hii ratiba yenu ndo usiseme. Zamani hapa mtoto alikuwa anakua anajua adui ni Oklahoma. Ile mechi ya Thanksgiving (sikukuu ya shukrani) 1971, Nebraska 35 Oklahoma 31, bado kuna wazee wanaisimulia kama walikuwepo wote uwanjani, na ukijumlisha waliosema walikuwepo utapata watu milioni. Ikaja ligi ya Big 12 mwaka 1996 ule utamaduni wa kila mwaka ukakatika, halafu 2011 Nebraska wenyewe wakahamia kwenu Big Ten kufuata hela za tivii, sasa Oklahoma yuko ligi nyingine, SEC, tangu 2024, na sisi tunaandaliwa kumchukia chuo cha Rutgers. Rutgers jamani. Ni New Jersey ile. Mi nimejaribu, kwa moyo safi, kumchukia mtu wa New Jersey, haiji. Maryland siwezi hata kuiweka kwenye ramani haraka. UCLA wa California wanakuja wanashangaa baridi tunawaonea huruma. Tumebakiwa na Iowa Ijumaa ya baada ya Thanksgiving, na hiyo ndo siku pekee ambayo mji unarudi kuwa kama Tanga ya 1988, maana Iowa unamjua, shemeji yako yuko kule, unafanya naye kazi Council Bluffs ng'ambo ya mto, kesho yake lazima akutanie. Mkiigusa hiyo nayo mtatujua.

Lakini ratiba naijua ni ya mabilioni, siwezi kushindana na tivii kwa barua. Naomba kitu kidogo. Hata mechi ya mazoezi ya majira ya kuchipua, ambayo watu makumi elfu walikuwa wanakwenda na watoto wadogo wasiomudu tiketi za msimu, 2025 kocha Matt Rhule aliifuta ile ya kawaida kwa kuogopa vyuo vingine vitaangalia wachezaji wake na kuwaiba. Simlaumu, mwenye kuku anajua kicheche kiko wapi. Nasema tu mmetengeneza hali ambayo hata kuonyesha watoto wako kwa majirani ni hatari.

Ombi lenyewe hili. Wekeni nafasi 25 nje ya ile 105, kwa kila chuo, za vijana waliomaliza sekondari jimbo hilohilo, wasiolipwa kwenye ule mgao na wasio na skolashipu ya futiboli. Akipewa skolashipu, ahesabiwe kwenye 105. Basi. Msiniambie Texas na Florida watafaidika zaidi kwa sababu wana watoto wengi, 25 ni 25, na tena kule dogo wa wokoni ana vyuo kumi vya kubisha hodi, hapa ana kimoja. Msiniambie chuo kitaficha mastaa humo, staa gani wa leo atakubali kucheza bure? Na msiniambie ni amri ya mahakama hamuwezi kuigusa, hiyo namba mliileta mezani nyie na ligi zenu, mkakubaliana na mawakili wa wachezaji, jaji akaidhinisha. Mlichokubaliana kinaweza kurudishwa mezani, mbona cha kiraka mlirudi nacho ndani ya wiki chache.

Na kwenu nyie wa Lincoln peke yenu, nong'ono tu: hata kama namba haibadiliki, kati ya hizo 105 mnaweza kuamua wenyewe wangapi wawe wa hapa. Hilo halihitaji jaji.

Kama hamniamini, njooni. Msimu ukianza nina safari kila Ijumaa ya ugenini, tunaondoka saa tisa na nusu alasiri kwa saa za kwetu, siti zipo, nitawaweka mbele. Leteni makoti, hita ya hili basi inapuliza upande wa dereva tu.